Hina, Piko na Mkono Wangu wa Kulia



Wanaonijua wananijua kwa mashela. Ukishuka stendi ya Korogwe ukaulizia fundi wa magauni ya harusi pale Manundu, utaletwa mpaka mlangoni kwangu. Lakini leo siandiki habari za shela wala satini. Wiki iliyopita biharusi mtarajiwa aliniletea kitambaa cheusi cha baibui la sherehe, akashangaa kuona nampa msaidizi wangu akikunje, akipime na kukikata, mimi nimekaa pembeni natoa maelekezo. Akaniuliza, "Dada fundi, kwani cheusi kina mkosi?" Nikacheka, nikamjibu jibu la haraka la biashara. Usiku nikajilaumu. Jibu la kweli ni refu, nalo lina faida kwa kila anayejiandaa kuolewa, basi naliandika hapa.

Ukiutazama mkono wangu wa kulia juani, nyuma ya kiganja mpaka kwenye kifundo, utaona ua moja, majani matatu na kikonyo kirefu kinachozunguka. Vimechorwa kwa weupe kuliko ngozi yangu. Wateja wengine husema, "Mashaallah, mchoro mzuri, umetumia nini?" Si mchoro tena. Ni kovu. Ni piko ya harusi yangu ya mwaka 2014.

Idd ya mwaka mmoja kabla ya hapo nilichorwa piko kwa mara ya kwanza. Nyeusi tii, inang'aa, imekaa nusu saa tu na kukamilika. Hina ya bibi ilitutaka tulale na mikono imefungwa vitambaa, asubuhi unaamka shuka lina madoa na mkono una rangi ya machungwa. Nani angeitaka? Basi mwaka uliofuata, Alhamisi jioni, akaja mchoraji yuleyule, na rangi ileile, akanichora mikono na miguu. Ijumaa nikafungishwa ndoa. Jumamosi mikono ikaanza kuwasha, nikadhani ni joto. Jumapili tulikuwa kwenye boti tunavuka kwenda Unguja kwa wakwe zangu, na kila ua alilonichora lilikuwa limeinuka malengelenge yenye maji, limefuata mstari wa mchoro kama aliyekata kwa mkasi.

Nyie wa visiwani mnajua desturi ya kumtazama biharusi. Wamama wanaingia chumbani mmoja mmoja, wanakutazama uso, wanakutazama mikono. Mimi yangu niliificha chini ya kanga siku tatu. Nikasikia mlangoni wanasema ni husda, wengine ni jicho. Mama mkwe wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, ndiye aliyeifunua kanga, akaunusa mkono wangu, akasema, "Hii haijawahi kuwa hina."

Alikuwa amesema kweli yote, lakini ilinichukua miaka mitano kuielewa.

Nilirudi Korogwe na mume wangu, nikamaliza kozi ya ushonaji, nikafungua duka. Na hapa ndipo aibu yangu ilipo. Mchoraji alikuja kuniomba kona ya duka, nikampa. Alinilipa kodi kila mwezi na wateja wake walikuwa wateja wangu. Nilijiambia kila mtu na ngozi yake, mimi yangu ndiyo dhaifu. Mwaka 2019 akaja biharusi na mdogo wake wa miaka saba, yule mtoto wa kushika maua. Naye akataka ua. Akachorwa moja dogo, bure, palepale juu ya kiti changu. Baada ya siku kadhaa mama yake alinipigia simu. Sitaieleza simu ile. Mkono wa mtoto ulivimba mpaka vidole havikunji. Alipona, alhamdulillah, lakini ana ua lake kama mimi nina langu.

Simlaumu mchoraji kuliko ninavyojilaumu. Yeye aliuziwa kiboksi cha unga mweusi na kuambiwa ni hina nyeusi, akatafutia riziki. Mimi nilikuwa na ushahidi mkononi mwangu mwenyewe.

Nikaenda kwa daktari wa ngozi, kwanza kwa ajili ya mtoto, kisha kwa ajili yangu, maana wakati huo nilikuwa nimeanza kuwashwa makwapani na shingoni kila nikivaa baibui. Akautazama mkono wangu, akaniuliza kuhusu nywele, kuhusu nguo, akasema neno moja lililonikaa: "Mwili wako umekumbuka." Ili nielewe mwili unakumbuka nini, ilibidi niazime kitabu cha kemia cha mtoto wa dada yangu aliye kidato cha tatu. Mimi kemia nilipata D, na D yenyewe ya kubahatisha. Lakini nilipokisoma nikiwa mtu mzima, na mkasi mkononi, nikaona mbona haya ni mambo ya ushonaji!

Tuanze na kitambaa chenyewe, yaani sisi. Kila kitu kimejengwa kwa atomu, na aina za atomu ndizo elementi. Jedwali la elementi lina 118. Lakini mchukue biharusi wa kilo 60: karibu kilo 39 ni oksijeni, kilo 11 ni kaboni, kilo 6 hivi haidrojeni na kilo 2 naitrojeni. Hizo nne peke yake ni kama asilimia 96 ya uzito wake. Oksijeni imekuwa nyingi kiasi hicho kwa sababu sehemu kubwa yetu ni maji, na kila Muislamu anajua Suratul Anbiyaa imesema nini kuhusu maji na uhai. Kinachobaki ni kalsiamu na fosforasi za mifupa na meno, potasiamu, salfa, sodiamu na klorini za chumvi, magnesiamu, halafu vile vya kiasi kidogo kabisa. Chuma chote kilichomo katika mwili wa mwanamke ni kama gramu 3, uzito wa vifungo vichache vya shati, na bila hicho damu haibebi hewa. Nikakumbuka kwamba Qur'ani ina sura nzima inayoitwa Chuma, Suratul Hadid, nikakifunga kitabu kidogo nikanywa chai.

Sasa atomu hazikai ovyo kama shanga ndani ya kopo. Zinashikana. Fikiria kulabu. Haidrojeni ina kulabu moja, oksijeni mbili, naitrojeni tatu, kaboni nne. Ndiyo maana kaboni ndiyo fundi mkuu wa viumbe hai: mwenye kulabu nne anaweza kushika huku na huku, akafanya mnyororo, akafanya pete, akafanya matawi. Kule kushikana shuleni tulikuita bondi. Katika bondi hizi ninazozisema, kila atomu inatoa elektroni moja, na zile mbili zinakuwa mali ya wote wawili. Kama vyombo vya harusi: havina wa mume wala wa mke, na ukitaka kuwagawanya lazima patokee vurugu.

Ukilielewa hilo, utaacha kutishwa na neno kemikali, na utaacha pia kudanganywa nalo. Wauzaji wetu wanapenda kusema, "Hii ni asili, haina kemikali." Rangi iliyomo ndani ya jani la mhina inaitwa lawsoni. Molekuli yake moja ina kaboni 10, haidrojeni 6 na oksijeni 3. Rangi iliyomo ndani ya piko inaitwa parafenilinidiamini, nayo huandikwa PPD kwa kifupi. Ina kaboni 6, haidrojeni 8 na naitrojeni 2. Tazama vizuri. Hakuna elementi hata moja hapo ambayo haimo mwilini mwako sasa hivi. Tofauti yote iko kwenye mshono. Mita tatu za khanga zinatoa dera, na mita zilezile zinatoa mapazia.

Kwenye kozi, wiki ya kwanza, mwalimu alitufundisha kutambua kitambaa kwa kiberiti. Unachomoa nyuzi mbili tatu, unaziwasha. Pamba inawaka kama karatasi na kuacha majivu mepesi. Poliesta inajikunja, inayeyuka na kuacha shanga ngumu. Hariri na sufu zinanuka nywele zilizoungua. Tulicheka harufu hiyo na hatukuuliza sababu. Sababu ni kwamba hariri ni protini, sufu ni protini, nywele ni protini. Na tabaka la juu la ngozi yako limejaa protini iitwayo keratini, hiyohiyo ya nywele na kucha. Pamba siyo. Pamba ni selulosi, ndugu wa mkonge unaouona umepangwa mistari ukipita Ngombezi au Magunga.

Ndiyo maana hina ikidondokea kanga ya pamba inafifia fua baada ya fua, ikidondokea hariri umeumia. Nimewahi kulipa gauni la mtu kwa tone moja. Lawsoni inapenda protini. Ikiifikia keratini inajifunga nayo kwa bondi, na haitoki kwa sabuni. Ndani ya jani bado haijawa huru, imefungamana na sukari, na tindikali ya ndimu pamoja na subira ndizo zinazoifungua. Bibi zetu waliokuwa wakikamua ndimu na kuiacha hina ilale usiku kucha walikuwa wanafanya kemia bila cheti. Ukiibandua asubuhi ni ya machungwa, kisha hewa inaendelea kuifanyia kazi na baada ya siku mbili inakuwa kahawia iliyoiva. Viganja na nyayo hushika zaidi kwa kuwa ngozi yake ni nene. Halafu seli hizo za juu, ambazo tayari zimekufa, zinapukutika kidogokidogo kama ilivyo kawaida ya ngozi, na rangi inaondoka nazo. Wiki mbili, tatu, umekwisha. Bondi haikuvunjika. Kitambaa chenyewe ndicho kilichopukutika.

Hapa niseme la udhu, maana nimeulizwa mara nyingi na mabiharusi kwa nini hina kwenye kucha wanaruhusiwa na rangi ya kucha wanaambiwa waitoe. Masheikh wetu wanatufundisha kwamba maji lazima yafike kwenye kiungo. Rangi ya kucha ni utando, unakauka juu ya ukucha kama karatasi ya nailoni, na maji yanaishia juu yake. Hina haiwi utando. Ukishaosha unga wake hakuna kitu juu ya ukucha, rangi iko ndani ya keratini yenyewe, na maji yanaugusa ukucha. Nilifurahi sana siku nilipoliona hilo.

Ila hina nayo si ya kila mwili. Pwani yetu, na sehemu zote zenye malaria ya siku nyingi, kuna watu wengi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na wengi hawajijui. Kwa hao, hasa mtoto mchanga mwenye ngozi nyororo, hina iliyopakwa mwili mwingi inaweza kupenya na kuzivunja chembe nyekundu za damu, mtoto akageuka manjano na kuishiwa damu. Kwa hiyo ile desturi ya kumpaka kichanga hina kwa ajili ya Idd au arobaini, mimi naomba tuiache. Mtoto ni mzuri bila hina.

Turudi kwa piko. PPD ni rangi ya nywele, na imetengenezwa kwa ajili ya nywele, ambazo zimekufa. Ni molekuli ndogo mno. Peke yake haina weusi. Ikikutana na oksijeni ndipo vipande vyake vinaanza kushikana kimoja na kingine mpaka vinakuwa molekuli kubwa nyeusi isiyoweza kutoka, na kwenye unywele hilo ndilo tunalolitaka. Juu ya ngozi mambo ni mengine. Kwa kuwa ni ndogo, inapita lile tabaka lililokufa na kufika chini kwenye ngozi hai. Na kabla haijamaliza safari yake ya kuwa nyeusi inapita hali ya katikati, yenye kulabu wazi zinazotafuta wa kushika. Inazishika protini zako wewe.

Kinga ya mwili inapita kila siku kukagua. Inaijua kila protini yako kama mimi ninavyozijua nguo nilizoshona. Ikikuta protini yenye kiraka kigeni, inasimama. Mara ya kwanza inachukua kama wiki mbili kujifunza sura ya kile kiraka, na wewe huoni chochote, rangi imeshaanza kufutika na umeshasahau. Lakini askari wameshaandikishwa. Mara ya pili wanakuja kwa siku moja au mbili, kwa wingi, na wanashambulia popote palipo na kiraka, ndiyo maana malengelenge yanafuata mchoro bila kukosea. Idd ile mwili wangu ulijifunza. Harusini ulijibu. Si kila mtu hupata, wengine huchorwa miaka na miaka. Lakini anayepata, mwili wake hausahau tena.

Bondi hiyo ndiyo niliyoitafuta miaka mitano. Daktari aliposema mwili umekumbuka, alikuwa anasema kweli ya kawaida kabisa, wala si fumbo.

Ulaya PPD inaruhusiwa kwenye rangi ya nywele tu, na isizidi asilimia 2 inapofika kichwani. Kwenye ngozi hairuhusiwi. Boksi la rangi ya nywele lenyewe limeandika lisitumike kwenye ngozi, kwa herufi ambazo mimi fundi ninayetunga uzi kwenye sindano nazisoma kwa shida. Mchoraji wa piko hapimi asilimia. Anakoroga mpaka iwe nyeusi.

Na cheusi je? Hapa ndipo kazi yangu ilipoguswa. Rangi ya pamba mara nyingi siku hizi ni ya aina inayojifunga na selulosi kwa bondi, ikiwa imetengenezwa vizuri haiondoki. Poliesta haina pa kuishika rangi. Kiwandani rangi inapenyezwa ndani ya uzi kwa joto kali, kisha uzi ukipoa inabanwa humo. Imebanwa, haikufungwa. Jasho na msuguano vinaitoa kidogokidogo, hasa makwapani, shingoni na kiunoni. Na baadhi ya rangi hizo, hasa kwenye vitambaa vyeusi na vya rangi iliyokolea, zina umbo linalofanana na PPD kiasi kwamba kinga iliyokwisha fundishwa inashindwa kutofautisha. Mwanamke wa Kiislamu, fundi wa nguo, hawezi kuvaa baibui jeusi la kawaida siku nzima! Nililia, wallahi. Halafu nikashona.

Sasa mabaibui yangu yote yana bitana ya pamba nyeupe, imeshuka mpaka kwenye mikono, na makwapa nimeyaachia nafasi. Kila kitambaa cheusi kipya nakifua mara mbili tatu kabla ya kukivaa, mpaka maji yatoke meupe. Kama una tatizo kama langu, jaribu hivyo, na mwambie fundi wako asikubane mwilini. Rangi ya nywele ndiyo kwaheri kabisa, mvi zangu zikija zitakutana na hina. Na kila nikienda kwa daktari, hata wa meno, namwambia kabla hajanigusa, maana kuna dawa ya ganzi iitwayo benzokaini ambayo nayo ina undugu na PPD.

Mchoraji nilimwomba aache piko abaki na hina. Alikubali, akakaa mwezi mmoja, wateja wakamkimbia, akahama. Kodi yake ikaenda naye, na baadhi ya mabiharusi pia, kwa sababu mtu anataka gauni na mapambo mahali pamoja. Miezi ile ilikuwa migumu, sitadanganya.

Mwaka jana alikuja mama mmoja kutoka Handeni na binti yake. Wametoa malipo ya awali, nimempima, nikamwona binti ameshika picha ya piko kwenye simu. Nikasema la kusema. Nikamwonyesha mkono wangu. Binti akaogopa, mama akakasirika. "Fundi, wewe shona. Mikono ya mwanangu niachie mimi." Nikashona. Harusi ikapita, wakanitumia picha, binti kapendeza, piko imekaa mpaka kwenye viwiko na hakudhurika kitu. Mama akaandika chini ya picha, "Umeona?"

Nimeona. Hata mimi Idd ile picha zangu zilikuwa nzuri.

Kwenye mkoba wa binti huyohuyo kulikuwa na kopo la krimu lisilo na lebo, la kung'arisha uso kabla ya siku yenyewe. Hilo nalo nataka kulisema, maana Handeni wanachimba dhahabu na wanaijua zebaki kuliko mimi. Mchimbaji mdogo anaitia zebaki kwenye mchanga wa dhahabu kwa kuwa zebaki inaikamata dhahabu. Zebaki hiyohiyo inatiwa na baadhi ya watengenezaji kwenye krimu za kung'arisha, kwa sababu inaizuia ngozi isitengeneze weusi wake. Na kitu kingine ambacho zebaki inakikamata kwa nguvu sana ni salfa. Unakumbuka salfa ni miongoni mwa vile vilivyobaki katika ile hesabu yetu ya kilo 60? Imo ndani ya protini, na ndiyo inayozishonea zikae umbo lake. Zebaki ikiingia kwa ngozi inakwenda kuishika huko ndani, na figo ndizo zinazoumia kwanza. PPD mwili unaweza kuikatakata, ni molekuli. Zebaki ni elementi. Hakuna kitu mwilini kinachoweza kuivunja kuwa kitu kingine, kilichobaki ni kuitoa taratibu au kuishi nayo, na kwa mjamzito inamfikia hadi mtoto. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu waliangamizwa na zebaki ya kiwandani iliyoingia kwenye samaki, umeipiga marufuku zebaki kwenye vipodozi hivyo, na Tanzania imo katika mkataba huo tangu 2020. Kopo lisilo na lebo halijui habari za mkataba.

Mnaniuliza utaijuaje hina safi. Inanuka majani mabichi. Unga wake ni wa kijani au kahawia, si mweusi. Inahitaji kukaa saa nne, sita, au usiku mzima. Ukiibandua ni ya machungwa. Anayekuambia nusu saa na itatoka nyeusi tii, amekwisha kujibu swali lako. Nyumbani mimi natumia unga wa majani, ndimu, na sukari kidogo ili ishike isipukutike ikikauka. Kwetu Tanga Mhina ni jina la ukoo, na darasani tulikuwa na mwenzetu wa jina hilo tukimtania kwamba akikamuliwa ndimu atatoa rangi.

Binti yangu ana miaka tisa. Idd iliyopita alitaka maua meusi kama ya rafiki zake. Nikamkorogea hina, nikamchora mwenyewe kwa mfuko wa nailoni niliousokota, mkono wangu si mwepesi kama wa wachoraji lakini ua lilieleweka. Akalala nayo. Asubuhi akaibandua, akaanza kulia. "Mama, ni ya machungwa!" Nikamwambia asubiri, asiguse maji ovyo. Jioni ya pili ilikuwa imeiva kahawia, akaja jikoni akauweka mkono wake juu ya wangu, ua lake karibu na ua langu, akayalinganisha.

"Langu litafutika lini?"

"Wiki mbili, labda tatu."

"Na lako?"

Nikamwambia akalete kitana, nimsuke kabla magharibi haijaingia.